Msimu Niliosimulia Mpira Vibaya

Mpira siupendi. Nalisema mapema ili mtu asije akaninunulia jezi. Watu wazima wanakikimbilia kitu kimoja, mmoja akishakipata anakipiga teke kiende mbali, halafu wote wanakikimbilia tena. Akili gani hiyo? Mimi ni msusi hapa Bertrams, Johannesburg, na dirisha langu linatazama taa za uwanja wa Ellis Park. Siku za mechi kubwa polisi wakifunga barabara, wateja wangu wanageuzia pale kwenye robot, taa za barabarani kwa lugha ya huku, na kurudi makwao na vichwa vyao vichafu. Nimeulaani mpira kwa Kinande cha kwetu Butembo, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa hiki Kizulu changu cha sokoni. Hata hivyo, mwaka huu nimesimama mbele ya kanisa zima nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mpira. Kaa nikusimulie, maana watu wa Bertrams wameshaanza kuisimulia vibaya.

Mume wangu anaitwa Gustave, fundi cherehani, mtoto wa Lubumbashi. Alipofika Johannesburg alianzia Jeppestown, kwenye karakana ya kushona ovaroli za viwandani. Kutwa ovaroli, wiki ovaroli, mpaka usiku alikuwa akiota mifuko ya ovaroli. Tulikutana kwenye kwaya. Alikuwa anaimba besi vibaya mno, lakini kola ya shati lake ilikaa shingoni kama imechorwa, nikasema huyu mtu anajua kitu. Mungu akatupa mtoto mmoja, Elisée, ambaye sasa ni mtu mzima na anafanya kazi Cape Town.

Tangu Elisée azaliwe, watu wote wananiita Mama Elisée. Wateja, mchungaji, mwenye nyumba, hata dada yangu akipiga simu kutoka Butembo. Ni heshima, siikatai. Gustave peke yake ndiye hakukubali. "Mama Elisée ni wa watu wote," alikuwa akisema. "Masika ni wangu." Basi katika mji huu wote, mdomo uliokuwa ukiniita jina nililopewa na mama yangu ulikuwa mmoja tu. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Nani hukaa akafikiria anavyoitwa?

Chumba chetu cha kazi ni kimoja. Viti na vioo vyangu viko upande wa dirisha, cherehani yake iko mlangoni. Na asubuhi baada ya mechi za lile kombe la vilabu vikubwa vya Ulaya, mlangoni hapo hapakupitika. Gustave alikuwa akiisimulia mechi yote, tangu kipenga cha kwanza. Utepe wa kupimia uko shingoni, mkasi ndio winga, kidonge cha uzi ndicho mpira, na pasi ya makaa ndiyo kipa kwa sababu haitoki golini. Madereva wa teksi walisimama kumsikiliza. Naseeb, yule Mtanzania anayetengeneza simu duka la jirani, aliliacha duka wazi akaja kubishana. Hata wanawake niliowashika nywele walikuwa wakigeuza shingo, nikawa napiga kelele: "Kaa sawa, dada! Nikikutengenezea njia iliyopinda usije ukaniuliza!"

Alikuwa na timu yake tangu utotoni, tangu enzi za kusikiliza redio na baba yake. Jina la timu hiyo sitalitaja. Niliapa mwaka ule walipofungwa, mwanaume akakataa sombe, yale majani ya muhogo, niliyoipika tangu asubuhi. Wanavaa nyekundu, basi tuwaite Wekundu, inatosha.

Mwezi wa pili, hatua ya mtoano ilipokaribia, Gustave alikuwa anakata kitambaa cha suti ya bwana harusi. Mkasi ukaanguka. Nikasema bila kugeuka, "Papa," maana ndivyo ninavyomwita, "utaniharibia sakafu." Hakujibu. Nilipogeuka nilimkuta ananitazama, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia kama mkono wa koti.

Kiharusi. Naseeb alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari. Hospitalini walifanya kazi yao, Mungu awabariki wote, na Gustave akaishi. Mguu ulirudi haraka kuliko tulivyotegemea. Mkono ukawa unarudi polepole. Lakini maneno yaliondoka yote, hata "ndiyo", hata "maji". Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, akifungua mdomo hakuna kinachotoka.

Walimpa mwalimu wa kumfundisha kusema upya, binti wa Kizulu mpole, ana subira ya kuku anayeatamia. Alikuwa na kadi za picha. Hiki nini, baba? Kikombe. Hiki nini? Mbwa. Gustave aliitazama ile kadi ya mbwa, kisha akanitazama mimi, kama anayeuliza amekosa nini mpaka aonyeshwe mbwa. Akaufunga mdomo. Tuliporudi nyumbani alikaa kwenye cherehani yake bila kuikanyaga, na wanaume waliokuwa wakijaa mlangoni wakawa wanasalimia kwa sauti ya chini na kupita. Hawakuwa wabaya. Waliogopa tu. Mimi pia niliogopa, nisiseme uongo. Nilikuwa nasuka huku nasikiliza upande ule wa mlango, na upande ule ulikuwa kimya tangu asubuhi mpaka jioni.

Ndipo mtoano ukaanza. Dawa za Gustave zilikuwa zikimlaza mapema, na daktari alikataza televisheni na simu, maana picha zinazokimbia zilikuwa zikimuumiza kichwa. Nikajiuliza, huyu mtu aliyeisimulia barabara nzima mechi, leo nani atamsimulia yeye? Naseeb? Naseeb anasimulia kama anayekuuzia simu. Nikasema hapana, mke wake nipo. Nikakaa mbele ya televisheni na Arlène, msusi mwenzangu, Mrundi anayepanga chumba chetu cha nyuma. Kipenga cha kwanza kilipolia Arlène alikuwa ameshalala. Wekundu walikuwa ugenini kwa Wajerumani, na huku kwetu mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati, picha inakuja, picha inakwenda. Nilielewa nilichoelewa.

Asubuhi nikamwekea chai na mandazi, nikaketi, nikaweka sauti ya msibani.

"Papa, pole sana. Timu yako imefungwa moja bila. Imetolewa. Ndiyo maisha, tumshukuru Mungu kwa yote. Mwaka ujao watajaribu tena."

Uso wake ukabadilika. Akapiga meza kwa mkono wa kushoto, chai ikamwagika. Mdomo ukaanza kutafuna hewa, shingo ikamtoka mishipa, nikadhani kiharusi kimerudi, nikainuka kumwita Arlène. Hapo nikasikia:

"Bongo!"

Huko kwao Lubumbashi, hivyo ndivyo unavyomwambia mtu kwamba anadanganya. Nikasimama katikati ya chumba. "Umesema nini?"

"Bongo!" Akainua vidole viwili. Mimi na akili yangu nikadhani anataka mandazi mawili, nikamwekea mawili. Akaisukuma sahani kwa hasira. "Mbili! Mechi... mbili!"

Mama yangu wee! Nilitoka nje pekupeku, nikalia palepale kwenye kibaraza, mtu wa kwanza kumwona akiwa Naseeb anafungua duka. "Amesema! Naseeb, amesema! Amesema mechi mbili, maana yake nini?"

Naseeb alicheka mpaka akashika kufuli. Akanieleza kwamba katika mtoano kila timu hukutana na mwenzake mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja ugenini, kisha mabao yote yanajumlishwa. Wekundu hawakuwa wametolewa. Kulikuwa na marudiano wiki inayofuata.

"Na kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia?"

"Mama Elisée, kuna mtu duniani asiyejua?"

Kumbe nipo. Na namshukuru Mungu kwamba sikujua.

Marudiano Wekundu walishinda mbili bila. Safari hii nilijiandaa, nikamuuliza Naseeb kila kitu, nikamsimulia Gustave vizuri kabisa, bila kosa. Akaitikia kwa kichwa. Akanywa chai. Hakusema hata neno. Nikajaribu tena mchana, akaitikia kwa kichwa tena. Nilivunjika moyo, nikaenda kumlalamikia yule binti mwalimu. Akacheka.

"Mama," akasema, "ukimwambia mtu jambo lililo sahihi, kichwa kinatosha kujibu. Watu wote wanamkubalia mgonjwa. Wewe bila kujua ulimpa sababu ya kusema. Mpe tena. Halafu usimsaidie, subiri tu."

Basi nikaamua kuwa mwongo, kwa mechi za kombe na za ligi yao pia. Mimi, mwanakwaya, mtu wa maombi ya Ijumaa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya kwangu ilianza mwezi wa tatu ikafika mwisho wa mwezi wa tano.

Uongo wa kwanza uliniaibisha. Nilimwambia kipa amefunga bao la kichwa akiwa amesimama golini kwake. Gustave alinitazama vilevile alivyoitazama kadi ya mbwa, akageukia dirisha. Nikaelewa kwamba kudanganya pia ni ufundi, na mimi fundi wa kazi hiyo sikuwa.

Aliyeniokoa ni Jeptoo. Huyu ni Mkenya, anafanya kazi benki kule Midrand, na kila baada ya wiki kadhaa huja Jumamosi kusuka zile nyembamba kabisa zinazokula siku nzima. Ni shabiki wa Wekundu kuliko wanaume. Nilipomweleza shida yangu alikaa wima, kichana kikabaki kinaning'inia kichwani.

"Sikiza, Mama Elisée. Kosa likiwa kubwa sana atajua unamchezea. Kosa liwe dogo, lakini limuudhi. Sema kona mahali palipokuwa na mpira wa adhabu. Sema beki wa kushoto, na alikuwa wa kulia. Useme hivyo kwa uhakika kabisa, kama mtu anajua."

"Na nitajuaje palikuwa na nini?"

"Sasa hapo itabidi usome mpira."

Nikausoma. Mimi namvuta nywele, yeye ananifundisha. Kuotea alinifundisha kwa chanuo na vibanio juu ya mapaja yake, na nikiri kwamba kuotea kulinichukua kichwa kizima cha nywele. Arlène alikuwa akisikiliza huku anacheka. "Ehh, Mama Elisée, sasa utaanza kutema mate kama wachezaji." Nikamwambia ashike rasta zake aniache.

Alfajiri nilimwashia redio asikie mechi ilivyokwenda, kisha nikaisimulia upya kwa makosa yangu, na maneno yakaanza kutoka. Mwanzoni moja moja. "Si kushoto. Kulia." Kisha mawili pamoja na hasira. "Kona wapi? Faulo!" Kisha ikafika asubuhi nikasema refa alimpa kadi nyekundu yule kiungo mfupi, Gustave akaacha kikombe na kusema, pole pole, kila neno akilivuta kama uzi uliokwama, "Ile... ilikuwa... njano. Wewe huoni?" Nikajifanya nimeudhika. Nikamjibu kwamba macho yangu ni mazima, labda televisheni ndiyo mbovu. Halafu nikaingia nyuma ya pazia la stoo nikalia kwa furaha, taulo mdomoni.

Siku moja nusura Naseeb aharibu kila kitu. Nilikuwa nimesema krosi ilitoka upande wa kulia, nimenyamaza, nasubiri. Gustave ameshafungua mdomo, neno liko mlangoni kabisa. Naseeb akadakia: "Ah, Mama Elisée, ile ilitoka kushoto bwana!" Gustave akaufunga mdomo. Jamani! Nilimrukia yule kijana wa watu na brashi mkononi. "Naseeb, nani amekuuliza? Mdomo wako hauna breki? Ondoka mlangoni kwangu kabla sijakunyoa!" Alishangaa, maskini. Baadaye nilimfuata dukani nikamweleza siri. Akasema, "Kumbe hivyo? Basi na mimi nitakosea." Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi ya mechi na makosa yake tayari, mazuri kuliko yangu, na madereva wa teksi nao wakaambiwa. Mlango wangu ukajaa tena watu wa kudanganya, na Gustave katikati yao akiwakatalia mmoja mmoja. Sikumfokea mtu kwa kuziba mlango mwezi ule.

Wekundu walipita. Baada ya raundi ile ya marudiano, robo fainali nayo walipita kwa penati, na kwa penati zile mimi mwenyewe nilijikuta nimepiga magoti mbele ya televisheni. Lakini hapo kwenye robo fainali ndipo moyo wangu ulipoumia.

Majina ya wachezaji yalianza kutoka. Kipa, mabeki, yule winga mwenye jina refu la kuvunja ulimi, wote. Gustave aliyataja asubuhi moja, mkasi mkononi, wanaume wakampigia makofi. Na mimi alikuwa ananiita "wewe". Wewe, si kona. Wewe, lete chai. Jioni, tulipobaki wawili, nilishindwa kujizuia.

"Wazungu wote unawajua, mpaka wa benchi. Mimi je? Naitwa nani?"

Alijaribu. Mungu ndiye shahidi, alijaribu mpaka jasho likamtoka. Midomo ikafunguka, ikafunga, "Ka... Ma... Kas..." ikapotea. Akapiga paja lake kwa ngumi. Kisha mwanaume yule, ambaye sikuwahi kumwona analia hata tulipomzika baba yake kwa simu, sisi huku na wao Lubumbashi, akalia mbele yangu. Nilijuta kuuliza. Nikamkumbatia, nikamwambia yaishe, jina si kitu, tena kwetu Butembo kina Masika wamejaa kila nyumba. Lakini lilikuwa kitu. Nilikwenda kulala nikiwa mtu asiye na jina.

Yule binti mwalimu alinionya. "Neno linalotafutwa kwa nguvu hujificha zaidi, Mama. Usimdai. Likitaka litakuja wakati yeye anashughulika na jingine. Na pengine lisije." Hilo la mwisho alilisema kwa upole, lakini alilisema.

Basi nikaacha kudai. Nilijiambia, Masika, huyu mtu alikuwa amekufa mdomo na leo anabishana na madereva. Unataka nini tena? Mshukuru Mungu kwa kilichopo. Nikamshukuru, na sikuwa nadanganya. Ila kila alipofungua mdomo, sikio langu moja lilikuwa linasubiri.

Kabla ya nusu fainali Gustave aliruhusiwa televisheni. Naseeb akamletea simu yenye mechi nzima ndani yake. Gustave akaisukuma pembeni, akanionyesha kwa kidole. "Huyu," akasema. "Huyu asimulie." Naseeb akasema simu inaonyesha kila kitu kama kilivyokuwa. Gustave akacheka kwa ule upande wa mdomo uliopona. "Ndiyo... maana."

Hapo nikaanza kushuku kwamba anajua. Sikuuliza. Nilimsimulia nusu fainali yenye makosa matatu ya Jeptoo na mawili ya kwangu mwenyewe, akayakamata yote, na kipindi cha pili akakisimulia yeye, kwa kuhema na kupumzika, kidonge cha uzi katika mkono wa kushoto. Wekundu wakaingia fainali.

Kwetu, Mungu akikutendea jambo, hukai nalo nyumbani. Unaomba Jumapili ya shukrani, familia mnavaa kitambaa kimoja, mnatembea mpaka mbele mkiimba, na mmoja wenu anashika maikrofoni na kushuhudia. Mchungaji alitupa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano. Sikujua kwamba fainali ni Jumamosi ya kuamkia siku hiyo. Elisée alikuja kutoka Cape Town. Kitenge kilishonwa na fundi mwingine, na Gustave alipoiona kola alisema, "Aibu," neno zima, safi, akaifumua na kuishona upya kwa mkono mmoja na nusu.

Fainali haina marudiano. Jeptoo alinieleza hivyo siku moja nikimsuka. Jumamosi Gustave alimeza dawa zake, akasema, "Utaniambia," akalala. Nilikaa na Elisée na Arlène. Wekundu walitangulia kufunga. Wakasawazishiwa. Halafu mwishoni kabisa, watu wanaangalia saa, yule beki wa kushoto, mtoto wa watu aliyecheza vizuri msimu mzima, akateleza, wakafungwa la pili. Mbili kwa moja. Nililia. Mimi! Elisée alinitazama kama aliyekuta mama yake amebadilishwa.

Asubuhi, kabla ya kanisa, redio sikuiwasha; nilikaa mbele ya Gustave nikamsimulia. Nilikuwa na huzuni ya kweli, nikasahau kazi yangu. Nilisema kila kitu kilivyokuwa, pasi kwa pasi, kona ni kona, kushoto ni kushoto, mpaka kule kuteleza. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka kwamba sikuweka kosa hata moja. Gustave alinitazama muda mrefu. Nikasubiri. Akanishika mkono, akaitikia kwa kichwa, akaenda kuvaa. Hakusema neno. Nilivaa kitenge changu nikijilaumu kwamba siku ya shukrani yenyewe nimemnyima la kusema.

Kanisa letu liko Jeppestown, ukumbi juu ya karakana ya fremu za madirisha, ngazi ni za chuma. Gustave alizipanda mwenyewe. Jeptoo alikuwepo, Arlène alikuwepo, na Naseeb, Mwislamu wa watu, alikaa benchi la mwisho na shati lililopigwa pasi. Tuliimba, tukatembea mpaka mbele, kisha wenzangu wakaketi benchi la kwanza, nikabaki na maikrofoni.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, na Zaburi. Yote yalikimbia. Nikaanza kusimulia tu. Mkasi ulioanguka, kadi ya mbwa, mandazi mawili. Watu wakacheka. Nikasema, "Ndugu zangu, mimi nimedanganya msimu mzima. Nimesema kushoto pakiwa kulia, nimempa mtu kadi nyekundu bila kosa. Mungu anisamehe, maana kila uongo wangu ulimrudishia mume wangu neno moja. Na jana timu yake ilifungwa kwenye fainali, moja bila, na mimi leo nasema Bwana asifiwe, kwa sababu..."

"Masika!"

Ukumbi wote ukageuka. Gustave alikuwa amesimama, mkono wa kushoto umeshika benchi, uso umekunjamana kwa hasira, ile hasira yake niliyoizoea tangu ujana.

"Masika, bongo! Mbili kwa moja!"

Ndiyo, nilikuwa nimeichanganya na ile mechi ya kwanza kabisa, ya Wajerumani na mvua ya mawe. Machozi yalikuwa yameniziba. Safari hii sikupanga, Jeptoo hakunifundisha, lilikuwa kosa langu mwenyewe. Na yeye hakulitafuta jina. Alitaka tu kunikosoa, likatoka nalo. Nilimwona akilisikia. Hasira ikamtoka usoni, macho yakafunguka, akalisema tena kwa sauti ya chini, kama anayelipima kama linamtosha.

"Masika."

Wamama wakapiga vigelegele, mtu akaanza kupiga ngoma, Naseeb kule nyuma akawa anapangusa macho na kofia yake. Mchungaji alininyooshea mkono achukue maikrofoni, akidhani nimemaliza. Sikumpa. Kulikuwa na jambo moja la kurekebisha.

"Mbili kwa moja," nikawaambia. "Amesema kweli. Ilikuwa mbili kwa moja."